Kibuyu Chini ya Geti

Mama yangu ni mtu wa kutunza vitu. Ukimpa khanga mpya ataivaa mwakani. Ukimnunulia sahani nzuri itakaa kabatini ikisubiri wageni wasiokuja. Kwa hiyo nilipaswa kujua. Nilimhangaikia hati ya kusafiria, nikamkabidhi mkononi nyumbani kwetu Kasulu, na siku ya safari, tulipofika mpakani mbele ya Munanila, nikamwambia, "Mama, toa karatasi." Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Iko salama. Nimeiacha kabatini, isije ikalowa pombe."

Jamani! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Na hiyo pombe ndiyo iliyotutoa nyumbani. Alikuwa amepakata kibuyu cha pombe ya ndizi njia nzima, ndani ya gari bovu tulilopanda kwa sababu ya nauli yake nafuu, na kila shimo tulilopita lilimfanya akikumbatie kama mtoto mchanga. Alikuwa anampelekea dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeolewa Burundi tangu usichana wake. Hawakuwa wamesemeshana tangu bibi afariki. Siku ile ya msiba mvua ilikuwa kubwa, simu ya huko haipatikani, watu wamechoka kungoja, na mama akaruhusu mazishi. Mama mkubwa alifika jioni akakuta kaburi limeshafukiwa. "Umenizikia mama yangu," alisema, akageuza palepale.

Katika ukoo wetu ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa simu. Aliyekosa anapika pombe kwa mikono yake, anaibeba mwenyewe, anaionja mbele ya aliyemkosea, kisha wanakunywa kibuyu kimoja. Kabla ya hapo hakuna hata salamu. Mama mkubwa alikuwa ameshatuma neno kwamba dada yake aje, na siku ikapangwa. Asipotokea, ingehesabika amemdharau mara ya pili, na mama alijua wazi kwamba hataitwa tena. Kurudi Kasulu kufuata hati hatukuweza, nauli iliyobaki ilikuwa ya kuturudisha nyumbani tu. Na pombe ya ndizi nayo haina subira, ingechacha.

"Shikamoo, mama," alisema afisa wetu wa uhamiaji, kijana mwenye Kiswahili laini cha pwani.

"Marahaba, mwanangu. Nipitishe."

"Bila hati siwezi. Hata nikikuachia, wenzetu watakurudisha."

"Basi wanirudishe wao."

Sijui alimwonea huruma au na yeye alitaka kuona itakuwaje. Alitusindikiza mpaka kwenye geti, bomba refu la chuma lililolala juu ya barabara. Afisa wa upande wa pili alimsikiliza mama mpaka mwisho, Kiha chake na Kirundi cha yule bwana vikielewana vizuri tu, nami nikaanza kupata matumaini. Halafu akatikisa kichwa. Mimi mwenye hati niingie. Mama, hapana.

Mama hakubisha. Alikuwa anamtazama kuku mmoja aliyepita chini ya bomba kwenda Burundi, akadonoa kitu huko, akarudi zake Tanzania. Nikamtazama mama, nikaona kabisa kuna jambo linapikwa kichwani.

"Kukaa hapa kumekatazwa?" aliuliza.

Maafisa wakatazamana. "Kukaa tu, hapana."

Akatandika khanga ukingoni mwa barabara, akaketi, akaweka kibuyu chini ya ncha ya bomba, katikati kabisa ya nchi mbili. Kisha akaniambia, "Wewe mwenye karatasi, nenda kamwite."

Nikagongewa muhuri, nikapanda mlima mfupi mpaka kwake. Nilimkuta mama mkubwa ameketi mlangoni, amevaa nguo ya kanisani.

"Yuko wapi?"

"Yuko getini. Amekataliwa kuingia."

"Amekataliwa, au amekataa?"

Weee! Nikamweleza habari ya kabati yote, na nadhani niliona mdomo wake ukicheza kidogo, maana anamjua mdogo wake. Aliingia ndani akatoka na mrija wake wa kunywea, umefungwa kwenye kitambaa. Hapo moyo wangu ukaingiwa na baridi. Huku kwetu mtu hubeba mrija wake mwenyewe akienda kunywa na watu asiowaamini. Na mimi, kwa umbea wangu, njia nzima nilikuwa najiuliza: atakunywa au anakwenda kumwaibisha mama mbele ya askari wa nchi mbili?

Alifika, akaketi upande wake wa bomba. Sisi Waha tukikutana tunainama, tunapiga makofi, tunaulizana habari za nyumba nzima mpaka mgeni wa pwani anachoka. Siku hiyo, kimya. Yule kijana wa uhamiaji alikuwa ameacha kazi yake kabisa, amesimama mdomo wazi. Mwenzake wa Burundi alijifanya anatazama milima, lakini shingo ilikuwa inamsaliti.

Mama aliinama akavuta pombe kwa mrija wake, akameza ili aonekane amemeza. Akakisogeza kibuyu ng'ambo, mrija wake ukiwa bado umo ndani. Nilimwonea huruma sana mama yangu.

Mama mkubwa akafungua kitambaa, akautoa mrija wake. Akautazama. Akautazama na ule wa mama, uliokuwa bado na povu kwenye ncha. Kisha akaufunga wake tena, taratibu, akauweka pembeni, akainama akanywa kwa mrija wa mdogo wake. Alikunywa kwa muda mrefu.

Alipoinua uso alijifuta mdomo, akapiga makofi mawili mepesi, akasema, "Mwidiwe," salamu yetu ya Kiha.

Mama aliitikia kwa mikono. Akapiga makofi tu, akapiga, akapiga, machozi yakimdondokea kwenye khanga, mpaka dada yake akapitisha mkono chini ya bomba akamshika.