Dada Kagoma Kukaa Chini

Tuwekeane dau kabla sijaanza: hamtaniamini. Akitokea hata mmoja wa kuniamini, alete viatu vyake vyote vilivyotoboka, nitavishona bure mpaka sugu za vidole vyangu ziote sugu nyingine. Naahidi kwa mdomo mpana kwa sababu najua sitashindwa.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha darasa la tano, tukaachana kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini nipe kiatu chako nikigeuze, nitakwambia unatembeaje, unamkimbia nani, na kama nyumbani unasikilizwa. Mtaani wananiita Gundi, maana nikikushika kwa maneno hubanduki. Sasa nawaambia kama fundi: tangu nifungue kibanda changu, jozi iliyolika vibaya kuliko zote haikuwa ya askari wala ya mcheza mpira. Ilikuwa ya mwanamke mwenye mimba, tena mimba yenye kisukari. Mwanamke huyo ni dada yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Dada anashona sare za shule kwenye karakana ya cherehani kumi na nane. Ni jumba refu la bati, safu mbili za mashine, meza ya kukatia vitambaa iko mlangoni kabisa. Kazi ya kukaa. Unaingia asubuhi unakaa, unatoka jioni makalio yamechukua umbo la stuli.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mkubwa kama wa miezi mitatu. Wakati ule tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza. "Mjomba kazaliwa bondia!" Hatukujua. Bega lilinasa njiani, wakamtoa kwa taabu, na mkono wake wa kushoto ukalegea miezi saba. Dada aliufanyia mkono ule mazoezi asubuhi na jioni, kidole kimoja kimoja, mpaka ukaamka. Kumbe sukari ilikuwa juu mimba nzima na hakuna aliyempima. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi mimba ya pili, miezi sita, wakampima. Sukari ipo. Nikamsindikiza kliniki, nesi akamkalisha. Mwanamke mfupi, sauti ya kengele.

"Mama, chakula ukigawe kidogo kidogo. Wali usijaze sahani, maharage na mboga ndiyo vijaze. Upime asubuhi kabla hujala, na saa moja baada ya kila mlo. Baada ya kula tunataka chini ya saba nukta nane. Na ukishakula, usikae. Tembea dakika kumi, kumi na tano."

"Nitembee kwenda wapi?" dada akauliza.

"Popote. Misuli ikifanya kazi inakula ile sukari. Usikimbie, tembea kiasi cha kuweza kuongea. Ukiona damu, maji, kizunguzungu, au tumbo linabana, simama uje hapa. Namba zikikataa kushuka, tutaongeza sindano ya insulini."

Dada akaniangalia. "Kuongea huku natembea? Basi Gundi atakuwa mwenzangu."

Njiani nikamwambia, "Siku tatu tu, dada. Ya nne utarudi kwenye stuli yako."

Dada akasimama. Akavua kiatu kimoja pale pale barabarani, akanipa. "Weka soli nene."

Vita vilianza nyumbani. Mama mkwe wake anakaa nao, na yule mama akisema jambo, hata jiko linanyamaza. Siku ya kwanza dada kamaliza kula, kaosha sahani, kaanza kuzunguka ua. Mzunguko wa kwanza mama mkwe alitazama. Wa pili akakohoa. Wa tatu akasimama mlangoni.

"Mkwe wangu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mama. Natembea."

"Mimba si jeshi! Mimi nilizaa sita nimelala."

"Uliwazaa salama, mama, na mmoja nimeolewa naye. Mimi wa kwanza nilimzaa nimelala, unakumbuka mkono wake."

Akaendelea na mzunguko wa nne. Mtu gani anamjibu mama mkwe hivyo huku anatembea? Na alimjibu kwa adabu, hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi yule mama, alikosa pa kushika.

Shemeji, mume wake, ni mwoka mikate. Kila jioni anarudi na mkate wa moto kwapani, harufu inaingia kabla yake. Maskini, kampenda mke wake kwa unga wa ngano miaka yote, sasa kaambiwa unga ndio adui. Akawa anaula mkate wake nje, kasimama, kama mwizi.

Kazini vikawa vita vingine. Dada alimwendea msimamizi akaomba cherehani yake ihamishiwe mwisho kabisa wa jumba, kule pembeni penye joto ambako hakuna anayetaka kukaa. Msimamizi akadhani kichaa. Dada alikuwa na hesabu yake. Vitambaa vilivyokatwa huwa vinaletewa washonaji mafungu mazima. Yeye akakataa kuletewa. Akimaliza kula, anavifuata mwenyewe mezani mlangoni, kola chache, anarudi, anakwenda tena, mifuko ya mashati miwili mitatu, anarudi. Mizigo myepesi, safari nyingi.

"Hii karakana si uwanja wa michezo," msimamizi akamwambia mbele ya watu.

"Hesabu sare zangu jioni. Zikipungua, nirudishe mlangoni."

Hazikupungua. Wenzake wakampa jina, Mlinzi, kwa kuwa anafanya doria. "Mlinzi, huku kuna mwizi!" "Mlinzi, pita tena, sindano yangu imelala!" Alicheka nao na hakusimama. Wiki ya pili wawili wakaanza kumfuata, wakidai miguu imevimba kwa kukaa. Siku tatu zangu zilikuwa zimeshapita zamani. Nilijifanya sikumbuki.

Mimi nilikuwa nabadilisha soli. Kisigino cha kulia kiliisha kwanza, kwa sababu uani anazungukia upande mmoja. Nikamwambia, "Dada, geuza mwelekeo, utaniulia kiatu." Akageuza. Mnaona sasa? Bila mimi angeenda kombo.

Ikaja Jumapili ile. Imebaki siku moja arudi kliniki na daftari la namba. Mama mkwe naye alishamwambia mwanawe: "Jumapili mashine ya sukari ikipanda juu, huyu analala kitandani mpaka azae. Ahadi?" Shemeji, kwa kutafuta amani, akasema ahadi. Dada akasikia. Alijua akilazwa kitandani namba zitapanda, na alijua bega la mtoto linanasa vipi.

Tukala mchana wote pamoja. Mimi nikapewa kazi ya kukata nanasi, nikalikata kifundi, juisi mpaka viwiko. Dada akala sahani yake ndogo, akatembea ua robo saa, saa moja ikatimia. Akanawa, akatoa kimashine.

"Leo natoboa mimi," nikasema. "Natoboa ngozi ya ng'ombe kila siku, kidole chako kitu gani? Hutasikia hata mbu."

Nikamshika kidole, nikatoboa, nikaminya damu vizuri. Mashine ikafikiri, ikaleta namba.

Kumi na tatu nukta moja.

Mama mkwe akapiga makofi mara moja tu. "Si nilisema! Kuzunguka kwenyewe ndiko kumeikoroga hiyo sukari."

Shemeji akainamisha kichwa. "Mke wangu, tuliahidi."

"Wewe uliahidi. Mimi sikuahidi mtu."

"Mashine ni mbovu," nikasema. "Betri imechoka. Kitu cha dukani hiki, mimi najua vifaa."

Dada hakulia. Alileta kidole puani, akanusa. Kisha akaninusa mimi, mbele ya ukoo mzima, kama mama anayemnusa mtoto kama kajichafua.

"Nanasi," akasema.

Akanyanyuka na tumbo lake la miezi minane, akaenda bombani, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akakausha. Mama mkwe akasema, "Unatafuta namba ya kukupendeza." Dada akamwita: "Mama, njoo wewe ukae karibu. Angalia kila kitu. Usipepese." Akatoboa kidole kingine mwenyewe, akaweka damu.

Sita nukta tisa.

Mama mkwe akasema, "Rudia." Dada akanawa tena, akatoboa cha tatu. Saba kamili. Yule mama akaitazama mashine, akanitazama mimi na mikono yangu inayonata, akamtazama mwanawe.

"Ahadi ile ilikuwa ya mashine," akasema taratibu, "haikuwa ya nanasi." Akavuta kiti chake akakitoa katikati ya ua, njia ikawa wazi.

Kesho yake nesi alilisoma daftari lote. Za baada ya kula zilikuwa nzuri. Za asubuhi zilikuwa zinakaidi, akampa insulini kidogo ya usiku. Nikamwonea huruma dada, nikamwambia pole, umeshindwa. Akanicheka. "Miguu yangu inafanya kazi mchana, sindano ifanye usiku. Kuna ubaya gani kupokezana zamu?"

Alitembea mpaka wiki ya mwisho. Msichana, kilo tatu na robo, bega limepita bila taabu, mikono yote miwili hewani anagombana na dunia. Hata yeye walimpima sukari, ikawa sawa. Dada akaambiwa arudi kupimwa baada ya wiki sita, akarudi, kwa miguu. Mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto nyuma yake, akilalamika njia nzima kwamba mkwe wake anakwenda haraka mno.

Ile jozi nimeitundika kibandani kwangu, soli ya nne, imekwisha kama sabuni. Wateja wakiuliza nawaambia ni kazi yangu mimi, na kwa muda mrefu niliwaambia pia kwamba siku ile mashine ilikuwa mbovu.

Mashine ilikuwa nzima. Mimi sikunawa mikono.