Kitanda cha Futi Mbili na Nusu

Barua ya chuo ilimfikia Nekoye Januari ya 1953, akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka miwili alikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya kanisa pale Chepsaita, bila cheti chochote. Mama yake, Selpha, alikuwa mjane aliyevuna mahindi katika shamba la mzungu. Mikono yake ilikuwa na udongo, kwa hivyo aliishika barua ile kwa ncha za vidole, kisha akamrudishia bintiye.

"Soma tena. Anzia pale juu."

Nekoye akasoma. Alikuwa amekubaliwa katika chuo cha walimu wa kike, safari ya siku nzima kwa treni kupitia Nakuru. Bweni lilikuwa jipya na ndani halikuwa na kitu. Kila mwanafunzi aje na sanduku lenye kufuli, godoro, blanketi mbili, na kitanda kisichozidi upana wa futi mbili na nusu, kinachoweza kufunguliwa vipande ili kipakiwe kwenye treni.

"Kitanda," Selpha alisema. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kununua kitanda.

Alhamisi asubuhi walipata nafasi juu ya lori la mahindi hadi Eldoret, mji ambao wazee wengi bado waliuita Sikstifoo, yaani sitini na nne, namba ya shamba lililokuwa pale kabla ya mji. Treni ilikuwa ya Jumamosi. Waliingia duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni, na mwenye duka akawawekea sanduku la bati juu ya meza.

"Memsahibu yako anataka rangi gani?" alimwuliza Nekoye.

"Hakuna bibi wa kizungu. Ni langu. Naenda chuo cha walimu."

Yule mzee alimtazama kidogo. Akalirudisha lile sanduku chini, akaenda nyuma ya duka na kuleta lingine. "Ile kufuli yake si nzuri," alisema. "Chukua hii."

Blanketi walipata, na godoro pia. Vitanda vilikuwa vya chuma, vipana, vya watu wawili. Mwenye duka alipima kimoja kwa futi yake ya mbao, akatikisa kichwa, akawaambia wamtafute fundi Kipyego kule Lokesheni, mtaa wa Waafrika, aliyejifunza useremala kwa Kaburu mmoja aliyeunda magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Walimkuta Kipyego katikati ya mabenchi ya kanisa ambayo hayajaisha. Aliisikiliza barua yote, randa ikiwa mkononi.

"Kitanda hiki naweza," alisema. "Lakini mje Jumanne. Mabenchi haya yanangojewa."

"Mzee, treni ni Jumamosi," Nekoye alisema.

"Basi sitaweza, msichana wangu."

Selpha alikwisha kuinua godoro kichwani waondoke, mke wa fundi alipotoka jikoni. Jina lake lilikuwa Jemutai. Macho yake yalikuwa kwenye ile karatasi.

"Wewe unajua kusoma hata maandishi ya mkono?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Jemutai alirudi ndani akatoka na barua tatu ambazo hazijafunguliwa. Zilitoka kwa mwanawe Stephen, aliyekuwa Mombasa. Mtu wa kusoma alikuwepo kanisani, alisema, ila alisoma kwa sauti kubwa uani, na habari za mtoto wake akazipata pamoja na majirani wote. Kwa hivyo alikuwa amezificha hizi, akingojea mtu wa kumsomea taratibu.

Walikaa kwenye kizingiti. Kipyego akarudi kwa randa yake. Stephen alikuwa ameondoka nyumbani miaka miwili nyuma baada ya kugombana na baba yake, akisema hatakufa akinusa mbao, na tangu siku hiyo fundi alikuwa amekataa kusikia barua yoyote.

Barua ya kwanza ilikuwa ya salamu na joto la Mombasa. Ya pili ilisema alikuwa amelazwa hospitali kwa homa, sasa amepona. Jemutai alifuta macho kwa leso. Nekoye akafungua ya tatu.

"Mama, nimepata kazi ya kudumu kwenye karakana ya mbao ya reli. Msimamizi aliniuliza ni nani alinifundisha kunoa patasi. Nikamwambia ni baba yangu. Mwambie nimekosa. Kama atakubali, nitakuja Krismasi."

Sauti ya randa ilikuwa imekoma. Kipyego alisimama mlangoni, maranda yamemjaa mikononi.

"Soma hapo pa patasi," alisema.

Nekoye akasoma tena. Fundi alikung'uta maranda mikononi. "Mwandikie aje," alisema. Kisha akamgeukia Selpha. "Mama, ingiza hilo godoro ndani. Mtalala hapa kwetu. Mabenchi yatangoja."

Ijumaa alianza kazi kulipokucha. Miguu ya kitanda aliichonga kwa mti wa mwerezi. Mahali pa kulalia alifuma mikanda ya ngozi ya ng'ombe, ufundi alioupata kwa yule Kaburu, akaivuta hadi ikalia kama ngoma alipoipiga kwa kidole. Kwenye kila kiungo alikata alama kwa kisu, penye moja paingie penye moja, penye mbili penye mbili, ili Nekoye ajue kipi kinaingia wapi. Selpha alimshikia mbao kutwa nzima. Jioni alimwuliza wamlipe nini kwa haraka ile.

"Bei ya kitanda tu," Kipyego alisema. "Haraka mlishailipa kwa zile barua."

Jumamosi walibeba vipande hadi stesheni, wote wanne. Selpha hakulia treni ilipoondoka. Alimshika Jemutai mkono, na watu wawili waliokuwa hawajuani siku tatu nyuma wakasimama hivyo mpaka moshi ukapotea.

Bwenini, Nekoye alikiunganisha kitanda chake peke yake kabla ya chai. Kwenye nafasi iliyofuata alikuwepo Mary, msichana wa kutoka Cheptiret, aliyekuja na godoro tu. Fundi wa kwao hakuwa amemaliza kazi. Mary alikuwa akilitandika sakafuni, akitabasamu kama mtu asiyejali.

"Njoo huku," Nekoye alimwambia. "Sisi wawili si wanene."

Walilala hivyo wiki tano, mmoja kichwa huku, mwingine kule, mpaka kitanda cha Mary kilipofika kwa treni ya mizigo. Mary alipiga mateke usingizini. Nekoye hakuwahi kumwambia.

Mwaka wa 1955 alipangiwa shule karibu na Hoey's Bridge, na pamoja na kazi akapewa nyumba ya vyumba viwili. Likizo ya kwanza alikwenda Chepsaita kumchukua mama yake. Selpha alirudisha jembe na gunia la kuvunia kwa nyapara wa shamba, akamshukuru kwa miaka yote, akapanda lori akiwa amevaa viatu. Msimu ule wa mahindi, kwa mara ya kwanza, aliwatazama watu wakivuna akiwa ameketi kwenye veranda ya bintiye, na akawapelekea maji.