Sarafu Ambayo Mama Povu Hajawahi Kuiona

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda ukuta wa uani, na Mama Povu anawapekua wanaume ambao hawapo. Anachomoa suruali kutoka kwenye rundo, anatia mkono mfukoni, anaugeuza mfuko ndani nje, kisha anaitupa suruali kwenye beseni. Tiketi iliyokunjwa. Kijiti cha meno. Skrubu mbili. Pipi iliyoanza kuyeyuka.

"Huyu wa pipi ana kisukari, mkewe kamkataza," anasema, akiiweka pipi pembeni bila kuitazama mara ya pili. "Mimi nanyamaza tu. Dobi akiwa na mdomo, mtaa mzima utaachana."

Jina la Mama Povu alibandikwa na wateja, na halimkeri. Kazi hii aliianza binti yake akitambaa. Leo binti huyo ni msusi mwenye saluni yake. Mikono ya mama imechubuliwa na sabuni, mgongo haumpi raha, na shati moja, kulifua mpaka kulipiga pasi, humletea pesa ya mkate mmoja. Mkate umepanda bei mara kadhaa. Shati liko palepale.

Sheria yake ni moja, na haina msamaha: nguo haiguswi na maji kabla mifuko haijageuzwa. Kalamu ikisahaulika humwaga wino kwenye beseni zima. Sarafu ikilala kwenye kitambaa kibichi huacha doa la kutu ambalo hata limau halilitoi. Kila anachokikuta hukirudisha kwa mwenyewe, skrubu kwa skrubu, kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba mkusanyo wake wa sarafu umetokana na udokozi. Umetokana na mwanamume mmoja.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mzito wa maneno kama mzigo aliokuwa akiubeba. Hakujua kuleta gauni wala marashi. Alichorudi nacho ni nguo chafu, na ndani ya mfuko wa kifuani wa shati, sarafu moja ya nchi alikotoka.

"Hakunipa mkononi hata siku moja," anasimulia Mama Povu. "Naikuta mwenyewe wakati wa kufua. Jioni naiweka karibu na kikombe chake cha chai. Anaitazama, anasema, 'Aa, na hii nayo imenifuata?' Basi, maongezi yamekwisha. Lakini chai ya siku hiyo alikuwa anainywa taratibu, hana haraka ya kuondoka mezani."

Sarafu hizo zimejaza kopo la maziwa ya unga. Ipo yenye tundu katikati, ipo yenye pembe pembe, ipo yenye samaki aliyepinda mkia. Kwa ajili ya sarafu hizo alijiunga na kikundi cha wakusanya sarafu, watu saba wanaokutana kwenye kibanda cha fundi saa. Majirani wanawaita watu wa chenji, na wao wenyewe wameshalizoea jina hilo.

Jumamosi hii watu wa chenji wanafanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Fundi saa, ambaye ndiye mwenyekiti, ametoa sharti: kila mtu alete sarafu moja tu, ile anayoipenda kuliko zote. Mwalimu mstaafu hakuchelewa kuchagua ya mwaka aliozaliwa, iliyolika kiasi kwamba sura haionekani. Anasema wamezeeka pamoja. Muuza mitumba analeta ile iliyopigwa chapa kombo kiwandani, mtu wake akabaki na pua bila kisogo.

Mama Povu alitaja ya samaki. Kila mmoja akaitikia kwa kichwa, mpaka fundi saa alipouliza kwa nini hiyo.

"Nikasema samaki wake mzuri," anakumbuka. "Nikajisikia mwongo palepale. Nikawaambia ukweli, kwamba ninayoipenda haimo koponi. Na sijawahi kuiona."

Yenyewe iko chumbani kwake, nyuma ya mlango. Kwenye msumari limetundikwa shati la mistari ya bluu, limefunikwa mfuko wa plastiki unaoonyesha. Kola yake ina mstari wa jasho lililokauka. Ni nguo chafu pekee ndani ya nyumba ya dobi, na binti yake humtania kwamba wateja wakijua, kazi itafungwa.

Ni miaka sita sasa. Asubuhi hiyo dereva alirudi kutoka safari, akavua shati hilo, akavaa jingine, akanywa chai na kuondoka tena ingawa hakuwa na zamu. Mkewe alipoliokota shati kwenye kiti, mfuko wa kifuani uligonga mbao, na akaisikia sarafu. Akatabasamu peke yake. Mvua ilikuwa inanyesha, akaona kufua kunaweza kungoja kesho.

Jioni simu ililia. Dereva alisema ana nyumba nyingine, katika mji mwingine, na kwamba asimngojee. Hakutukana, hakufoka. Aliongea kwa sauti ileile ya siku zote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mkewe.

"Tangu hapo sijatia mkono humo," anasema Mama Povu. Anaulainisha mfuko wa plastiki kwa kiganja, juu juu, akikwepa upande wa kifua. "Ikiwa ni ya mbali, basi siku anaondoka alinikumbuka. Alijua anakwenda, na bado akaniwekea. Ikiwa ni hela ya hapa hapa, ni chenji ya sigara. Atakuwa mteja tu kama walivyo wateja wangu, amesahau kitu mfukoni, basi."

Hata kuipapasa juu ya kitambaa haipapasi. Vidole vyake vimeshika mifuko ya watu miaka yote hii. Vikiigusa tu, vitamwambia. Ndiyo maana shati hulibeba kwa kushika hanga.

Bado anamtaka? Anacheka kidogo, kisha hacheki tena.

"Nisikudanganye. Hasira iliisha kitambo. Hamu haikuisha. Kuna siku nasikia lori likipunguza mwendo barabarani, naacha pasi juu ya nguo ya mtu."

Fundi saa hakuridhika na maelezo hayo siku ya kikao. "Mama Povu, huwezi kupenda usichokiona," alimwambia. "Fundi, kwani wewe umewahi kuoa?" akajibiwa, na kibanda kizima kikaangua kicheko, maana fundi ni kapera anayejulikana.

Lakini kesho yake fundi alifika uani na mashati mawili ambayo wala hayakuwa machafu. Akazungukazunguka, akasifia kamba, hatimaye akasema, "Dada, lete hilo shati Jumamosi. Usipotaka kulifungua, hakuna atakayekulazimisha."

Binti yake ana maoni mengine. "Mama, lifue," anasema akiwa mlangoni, kanga ya saluni bado mabegani. "Baba ameshasahau hata mistari yake ilikuwa ya rangi gani." Binti anaingia, anamnyooshea mama yake kola ya gauni, anatoka.

Uamuzi umefikiwa. Jumamosi Mama Povu atalipeleka shati maktaba, na mbele ya watu wote atatia mkono.

"Peke yangu nimeshindwa," anasema. "Mbele za watu nitajikaza. Na watu wa chenji hawaicheki sarafu ya mtu."

Na ikiwa ni hela ya hapa hapa?

"Nitainunulia sabuni. Nilifue shati, nilipige pasi vizuri, nimpe mtu alivae."

Anaegemea mlango, macho kwenye ile mistari ya bluu.

"Lakini natamani iwe ya mbali," anasema. "Hata kama ni ya nchi ambayo sarafu yake tayari ninayo."