Mbwa akiwa na njaa, fomu husema ni mkali

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mzee Mkono amechuchumaa mbele ya kizimba namba ishirini na mbili, ameshika fimbo ndefu ya mbao. Kwenye ncha ya fimbo umefungwa mkono wa mpira wenye rangi ya ngozi, kama ile ya masanamu yanayovalishwa nguo madukani. Umevikwa kipande cha shati kuukuu ili ufanane na wa mtu. Kidole gumba kimeliwa nusu.

Ndani ya kizimba yupo mbwa jike wa kahawia, miaka mitatu hivi, sikio moja limesimama na lingine limelala. Hajala tangu jana saa sita mchana. Bakuli limewekwa mbele yake dakika hii hii, na kabla hajameza tonge la pili, mkono wa mpira unapenya kati ya vyuma na kulivuta.

Ananguruma. Mkono unatoka, unarudi. Ananguruma tena, safari hii amelifunika bakuli kwa kifua. Mara ya tatu anauma.

"Haya dada, umefeli," anasema Mzee Mkono kwa sauti ya chini.

Anaweka fimbo pembeni, anaingia kizimbani bila glovu na kukaa sakafuni. Mbwa anakula mpaka bakuli linang'aa, kisha anageuka na kumlamba vidole, vile vya nyama na mifupa. Kwa mujibu wa fomu, huyu hawezi kuishi na watu. Saa tatu atachomwa sindano.

Mwenye fimbo ana umri wa miaka hamsini na nne, na amefanya kazi kwenye kituo hiki cha kuokoa wanyama kwa miaka kumi na tisa. Ameomba jina lake lisiandikwe, na sababu yake msomaji ataiona. Wenzake ndio waliombatiza Mzee Mkono. Utani huo haumkeri tena.

Kituo kina vizimba arobaini. Leo kina mbwa sitini na watatu. Kila wiki wanaletwa watano hadi tisa, na wanaochukuliwa na watu wa kuwafuga hawazidi wawili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaipiga, lakini ukutani pale nje pameandikwa kwa herufi kubwa za buluu: HATUUI MNYAMA MWENYE AFYA NA TABIA NJEMA.

Hapo ndipo mkono wa mpira unapopata kazi. Kila mbwa anayemaliza siku kumi bila kupata wa kumchukua hupimwa tabia. Akivumilia kuguswa anapokula, anaongezewa siku kumi nyingine. Akiuma, fomu yake inaandikwa neno moja tu, "mkali", na ahadi ya ukutani inabaki haina doa.

"Sasa sikiliza utamu wake," anasema Mzee Mkono, na usoni hana utamu wowote. "Vizimba vikiwa na nafasi, naambiwa nipime saa nane mchana, mbwa ameshakula. Wanafaulu karibu wote. Vikijaa, naambiwa nipime asubuhi, na jana yake jioni nisiwape kitu. Mbwa ni wale wale. Hakuna anayesema ua. Wanasema, 'Mzee, kesho pima mapema.' Basi, nimeshaelewa."

Mwaka jana alipima mbwa mia nne na kumi na wawili. Waliofeli ni mia mbili sabini na mmoja. Idadi hiyo iliingia kwenye ripoti ya mwaka na kubandikwa mapokezi, ambako watu wanaokuja kuchukua mbwa huisoma wakisubiri zamu yao. Wakishaisoma wanaomba kambwa keupe kenye manyoya. Wale wa kahawia wa mitaani hawatupiwi hata jicho, maana si ndio hao wakali?

Mzee Mkono aliwahi kujaribu kuwa mtu mwema, na habari hiyo haipendi. Miaka miwili iliyopita, kwa wiki tano, alikuwa akiwahi kazini kuliko wenzake wote na kuwalisha mbwa kwa siri kabla ya kuwapima. Wakafaulu. Kituo kikafurika, mbwa wakalala hadi kwenye korido. Ndipo ugonjwa wa kuharisha damu ulipoingia. Ndani ya siku tisa walikufa thelathini na mmoja, na kumi na wanne kati yao walikuwa bado wananyonya.

"Nilijiona mkombozi," anasema. "Walikufa wanalia. Sindano ni sekunde ishirini, amelala. Kwa hiyo mtu asije kuniambia mimi kwamba tusiue. Anionyeshe kwanza atawaweka wapi."

Saa tatu na dakika tano jike wa kahawia anapandishwa kwenye meza ya chuma. Mzee Mkono anamkumbatia shingo na kumnong'oneza mambo yasiyo na kichwa wala miguu: bei ya nyanya, mvua iliyogoma kunyesha. Daktari wa mifugo, mwanamke wa rika la binti yake wa kwanza, ananyoa manyoya kidogo mguuni na kutafuta mshipa. Mkia unagonga meza mara tatu, mara nne, halafu unaacha.

Daktari anavua glovu. "Mimi nilisomea kutibu," anasema. "Nafasi ikiwa hakuna, nitachoma, na usiku nitalala. Lakini kumpaka mbwa matope kwanza ndio nimchome? Huyu mzee wangu ana haki ya kukasirika."

Akiulizwa kama amewahi kulisema hilo mbele ya wakubwa, anafungua bomba na kuanza kunawa mikono.

Alichofanya Mzee Mkono ni kitu kidogo. Jumatatu ya wiki iliyopita, kwenye fomu ya dume mmoja mweusi, mahali palipoandikwa "Sababu", hakuandika "mkali". Aliandika: "Njaa. Hakuna nafasi." Msimamizi akamrudishia. Akaiandika vilevile, na ya mbwa aliyefuata vilevile. Leo anaijaza ya tatu, ya jike wa kahawia, kwa mwandiko wa polepole wa mtu aliyeacha shule mapema, na maneno hayajabadilika.

Saa nne anaitwa ofisini. Msimamizi ni bwana mpole, chai imempoa mezani, na wala hapandishi sauti.

"Mzee wangu, tumetoka mbali mimi na wewe. Wafadhili wakisoma 'hakuna nafasi' wataondoka, na wakiondoka hata hao mbwa wawili wanaochukuliwa kila wiki hatutawaokoa. Ni neno tu hilo."

"Kama ni neno tu, bosi, si uliandike wewe?"

Msimamizi anakuna shingo. "Ijumaa saa sita nataka fomu zote tatu zimeandikwa kama kawaida. La sivyo, leta funguo."

Leo ni Jumatano.

Mchana anakwenda nyumbani kula, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mkewe ni fundi cherehani na ameshapata habari. Hamsubiri hata akae.

"Baba watoto, mbwa ameshakufa. Ukiandika mkali, ukiandika malaika, hafufuki. Sisi bado tuko hai, na kodi ni tarehe moja."

"Najua, mama."

"Umri huo ukimwaga unga nani atakuajiri? Kwa cheti gani, cha kuumwa?"

Mzee Mkono anaangua kicheko. Mkewe hacheki.

"Wewe ungependa ukifa waandike ulikuwa mwizi?" anauliza Mzee Mkono baadaye, akiwa ameshashika mlango. Cherehani inasimama kidogo.

"Mimi si mbwa," anajibu mama, na kuendelea kushona.

Saa tisa na nusu gari dogo linasimama mbele ya geti la kituo. Anashuka mama wa makamo, nadhifu, na mbwa wa kahawia aliyeanza kuota mvi mdomoni. Shingoni mbwa ana kola nyekundu yenye kibati kilichochongwa namba ya simu. Wanahamia ghorofani, mama anaeleza, na mwenye nyumba hataki mbwa.

"Mtampatia watu wazuri, eti baba?"

Kwa miaka kumi na tisa jibu limekuwa "ndiyo, mama", na aliyeuliza ameondoka ametua mzigo. Leo Mzee Mkono anajifuta viganja kwenye ovaroli.

"Hapana, mama. Hatuna nafasi. Huyu ni mtu mzima na ni wa kahawia, hatachukuliwa. Siku ya kumi atauawa, na kwenye karatasi wanataka tuandike kwamba alikuwa mkali."

"Mkali? Huyu? Huyu amelala na wajukuu zangu miaka saba!"

"Najua. Itabidi tumnyime chakula kwanza."

Mama anamwita katili. Anamwita mwendawazimu, anaapa atampeleka kwa wakubwa wake, anamrudisha mbwa garini kwa kumvuta na kuondoka. Msimamizi ameyaona yote kupitia dirishani. Anafunga pazia.

Saa kumi na moja, wakati wa kufunga, mbwa yule amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya geti. Gari halipo, na hakuna aliyeliona likirudi.

Mzee Mkono anasimama akimtazama, na kwa mara ya kwanza leo anaonekana amechoka hasa. Ukweli alioumeza miaka yote hiyo, na leo akautema, umemfaa mama yule kwa jambo moja tu: safari ya pili hakulazimika kumtazama mtu usoni.

Fomu hatazibadilisha, anasema. Akifukuzwa Ijumaa, atabeba kiti chake aje akae ng'ambo ya barabara, ambako si mali ya kituo, amweleze kila anayeshuka na mbwa. Mkewe atanuna. Watu watamwona kichaa. "Hata sokoni hawakosi mmoja," anasema.

Kisha anachutama, anakisoma kibati cha kwenye kola, anatoa simu yake na kupiga.

"Habari za jioni, mama. Ni mimi, yule wa getini. Hapana, sijapiga kugombana. Nimepiga kukutajia tarehe, maana mbwa ni wako. Ni tarehe ishirini na nne, siku yake ya kumi, saa tatu asubuhi. Ukitaka kuja kumshika, njoo. Wanatulia wakishikwa na mtu wanayemjua."

Upande wa pili kimya. Mzee Mkono anasubiri, macho yake kwenye lami. Dakika nzima inapita. Anaiziba simu kwa kiganja na kumgeukia mwandishi wa habari hii.

"Hajakata," ananong'ona.