Aliyeniita Ngomeni

Nilikuwa na miaka tisa, na katika Stockholm nzima alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kulitamka jina langu sawasawa: baba. Walimu wa mtaa wetu, Hagsätra, walilivunjavunja "Mwanaidi" mpaka nikalionea huruma. Mama, aliyekuwa akilivuta mwishoni kama anayebembeleza, tulikuwa tumemzika mwezi wa kwanza, ardhi imeganda.

Sasa, mimi ni mjukuu wa bibi wa Muheza. Kabla hatujaja Uswidi, miaka ya sitini ikiishia, alinikalisha kwenye mkeka akanipa sharti. "Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Marehemu huita mara moja tu. Ukiitika, umemfuata." Mengine aliyonifundisha niliyasahau ndani ya ndege. Hilo halikutoka.

Baba alikuwa akisomea uhandisi wa maji. Mwezi wa tatu yeye na wanafunzi wenzake walipelekwa India kuangalia mabwawa, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, akanichukua. Siku ya mapumziko tulikwenda kwenye ngome ya kale juu ya kilima, mawe matupu na ngazi zisizoisha. Baba alikuwa na goti bovu, akabaki langoni na mwongozaji. Mimi nikapanda na Waswidi. Kabla ya kupanda mwongozaji alieleza jambo kwa Kiingereza, watu wakafurahi. Kiingereza sikukijua, nikafurahi nami nisionekane mshamba.

Huko juu wenzangu wakazama kwenye kamera zao. Nikajiendea kwenye ukumbi usio na paa, nikakaa dirishani. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, upweke wa kutaka kulala chini palepale nisiamke. Ndipo nikaitwa.

"Mwanaidi."

Mara moja. Nikageuka, hakuna mtu. Sauti ilikuwa nyembamba, imevutwa mwishoni. Nikajua ni mama.

Msinicheke. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuitika. Abee ilishafika mdomoni. Kilichonizuia si woga. Nilimfikiria baba na goti lake kule chini. Nikienda, nani atakunywa naye chai asubuhi? Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikawa namwomba mama radhi kimoyomoyo.

Baadaye baba akatokea, anahema, suruali imechanika gotini na damu inatoka. Kumbe neno likisemwa chini ya kuba la lango husikika hadi kileleni, limekonda na kuvutika, na jibu hurudi vilevile. Walinzi wa zamani walipashana habari hivyo. Ndilo alilolieleza mwongozaji. Baba alikuwa ameniita, akasubiri jibu, kimya. Akajua nimeanguka ukutani.

"Kwa nini hukuitika?" aliniuliza kwa ukali.

"Nilidhani ni mama. Sikutaka kukuacha."

Baba akaketi juu ya mawe, akanivuta kwake, akanishikilia mpaka Waswidi walipokuja kututafuta.

Tangu siku ile hakuniita tena kutoka chumba kingine. Nyumba yetu ya Hagsätra ni vyumba viwili tu, lakini kila mara aliinuka kitini, akachechemea hadi mlangoni, akaonyesha uso kwanza, ndipo akasema, "Mwanaidi." Nilipofika umri wa kiburi nikawa namjibu kwa Kiswidi bila kuinua macho. Hakuacha.

Mwaka jana akawa wa kitandani, hainuki. Mchana mmoja nilimkuta midomo imemkauka, glasi ya maji iko mbali na mkono wake. Muda wote huo nilikuwa jikoni, napika.

"Baba, si ungeniita?"

"Ningefikaje mlangoni?" akasema.

Nilimnywesha maji, nikarudi jikoni haraka asinione ninavyolia, nikamwambia kutoka huko, "Niite hapohapo ulipo, baba. Nitaitika." Akaniita. Nikaitika abee. Akaniita tena, na tena, wala hakuwa na shida yoyote.

Nyumbani humu sasa nakaa peke yangu. Sharti la bibi nililishika pale ngomeni kwa sababu kulikuwa na mtu wa kubaki naye. Siku hizi nikiosha vyombo huwa nafunga bomba, nasikiliza kidogo. Nikiitwa, hata iwe mara moja tu, sidhani kama nitanyamaza.