Ndama wa Kitabu

Nilisema kitabu huzaa. Huo ndio upumbavu wenyewe, na nautaja mapema ili mtu asije akadhani nitauficha nyuma ya migomba. Niliusema mbele ya watu wazima, baada ya ibada, nimevaa shati safi, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Kwetu mzaha usipochekwa hugeuka sheria.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya dada yangu. Hakuvinunua. Vilikuja kwa lori kutoka Bukoba ndani ya kasha la mbao lenye kufuli, akakabidhiwa yeye kwa sababu ndiye msichana pekee wa kwetu aliyemaliza shule ya kati asiolewe mwezi uleule. Kila Jumapili alilifungua kasha kwenye baraza ya shule, akavipanga vitabu juu ya benchi kwa utaratibu wake: vya mifugo na mashamba huku, vya afya katikati, hadithi mwisho kabisa, ili mpenda hadithi apite kwanza kwenye choo na minyoo. Nilimwuliza kwa nini asivipange kwa urefu, kama sisi mstarini.

"Kwa sababu hakuna anayekuja kuomba kitabu kirefu," akasema.

Ana majibu ya namna hiyo.

Alitaka kuifanya kazi hiyo maisha yake yote. Nyumbani tulicheka. Kulinda kasha? Hata mbwa wetu angeiweza, tena bila kufuli. Lakini mkaguzi wa shule, bwana mmoja wa baiskeli na soksi ndefu, hakucheka. Alimwambia kwamba ng'ambo ya ziwa kuna maktaba kubwa wanakofundisha kazi hiyo, ila hakuna msichana wa huku aliyewahi kupelekwa. "Nitarudi mvua zikiisha," akasema. "Nikikuta vitabu vyote vipo, na vimesomwa, nitaandika uende."

Baba naye akapigilia msumari wake. Mkaguzi akiandika, binti aende. Asipoandika, familia moja ya kule Bugomora, iliyokuja kumposa na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, itapewa jibu inalolitaka. Tangu siku hiyo dada alilala na ufunguo wa kasha shingoni.

Sasa tuje kwenye Jumapili yangu. Dada aliitwa na mke wa mwinjilisti, akaniacha benchini. Nisiguse kitu, akasema, na nisiseme kitu. La kwanza nililiweza. Akaja mzee mmoja mfugaji, wa kule kwenye nyasi za wazi, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la ubatizo. Akisoma, midomo yake hufanya kazi kama anatafuna muwa. Nyuma yake watu walikuwa wamejaa.

"Kijana, dada yako anaazimisha kwa masharti gani?"

"Yaleyale ya ng'ombe, mzee," nikasema. "Maziwa yako, ndama wetu."

Kwetu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani ng'ombe mmoja amtunze. Jirani hunywa maziwa na kupata samadi ya migomba yake, lakini ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Hata mtoto wa mgongoni analijua hilo. Mzee akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia neno la haki.

"Ni sawa," akasema.

"Ni sawa kabisa," akaitikia mama mmoja kutoka Rugera, akajichukulia kitabu cha malezi ya watoto.

Dada aliporudi benchi lilikuwa jeupe. Alifurahi, akanisifu. Nami nikazipokea sifa zote, sikubakiza.

Mvua zikaja, senene wakaja, senene wakaisha, na vitabu havikurudi. Hata kimoja. Ndani ya kasha kilibaki kitabu cha hesabu, ambacho hata mchwa walikionja wakaenda zao. Dada akikutana na wasomaji wake njiani, walimjibu kwa heshima zote, "Bado, waitu, dada yetu. Tuvumilie kidogo." Mmoja alimweleza kwamba amekilaza chake karibu na kitabu cha nyimbo za kanisani, huenda Mungu akasaidia. Dada akadhani ni malaria imempanda kichwani. Mimi siku hiyo nilielewa kila kitu, nikanyamaza, maana dada ana mkono mwepesi.

Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi anafika Alhamisi. Dada akaacha kula. Jumanne akaniburuta mpaka kwa yule mzee mfugaji. Tulimkuta amemaliza kukamua. Kitabu alichoazima, cha utunzaji wa mifugo, kilikuwa kimelazwa juu ya majani makavu, pembeni ya vyombo vya maziwa, mahali safi kuliko pote nyumbani mwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Najua kilichokuleta, na ni aibu yangu. Nimemtunza, mwangalie mwenyewe, hana hata doa. Lakini bado hajazaa."

"Nani hajazaa, babu?"

"Kitabu."

Dada akanigeukia polepole. Mzee naye akaninyooshea kidole kilicholowa maziwa.

"Mdogo wako ndiye aliyetueleza masharti. Sasa huyu nitamrudishaje mkavu, bila ndama? Watu watasema nini?"

Nililisubiri kofi. Halikuja. Dada alivuta kigoda, akakaa, akakitazama kile kitabu.

"Babu, na maziwa yake uliyanywa?"

"Maziwa ya kitabu?"

"Ulipokisoma, ulipata nini?"

Jamani, mzee akaanza! Alieleza mahali alipokubaliana na kitabu na mahali walipogombana, hasa ukurasa wa kupe, mpaka povu la maziwa likaisha kwenye chombo.

"Basi ndama ndiye huyo," dada akasema. "Alhamisi mlete pamoja na mama yake, uyaseme hayohayo mbele ya mgeni."

Mzee akaona shaka. "Ndama huyo mbona hana miguu?"

"Ametoka kwenye kitabu mpaka hapa nilipokaa, babu. Unataka miguu ya nini tena?"

Mzee akacheka mpaka ng'ombe akasogea.

Siku hiyo na iliyofuata nilipelekwa mlango kwa mlango kutangaza sharti jipya. Kila mlango nilikiri kwa mdomo wangu mwenyewe, dada amesimama nyuma yangu. Vijana wenzangu walianza kuniita mkunga.

Alhamisi mkaguzi akafika. Alipewa kahawa ya kutafuna, akakaa chini ya picha ya Malkia, akafungua kasha. Hesabu.

"Vitabu viko wapi, binti?"

"Viko njiani, bwana."

"Njia ipi?"

"Zote."

Mkaguzi akatoa kalamu, akafunua daftari lake. Dada akaushika ufunguo wa shingoni. 

Ndipo migomba ikatikisika. Mzee mfugaji alitangulia, amevaa koti la Pasaka, kitabu amekipakata kwa mikono miwili. Akasalimu, akasema, "Nimeleta mama na ndama," akaanza na kupe. Mkaguzi alijaribu kumkatiza, akashindwa, akaishia kumsogezea kiti. Akafuata mama wa Rugera na habari za kuchemsha maji ya kunywa, ambazo mumewe hakuziamini hadi alipoharisha yeye mwenyewe. Wengine wakaja nyuma yao, benchi likajaa tena. Bibi mmoja ambaye tangazo langu la pili halikumwingia alileta kitabu chake pamoja na kifaranga.

"Huyu hajui kusoma," akamwambia mkaguzi, "lakini atakua."

Mkaguzi akataka kukikataa. Watu wakanung'unika. Akakipokea.

"Kwingine wananirudishia vitabu tu," akamwambia dada. "Hapa wananirudishia na yaliyomo. Nani amekufundisha?"

Dada akanitazama. Nikanyoosha kola.

"Shida, bwana," akasema.

Mkaguzi akaondoka na kifaranga kwenye kikapu nyuma ya baiskeli. Akaandika. Jibu lilipotoka ng'ambo, baba aliwarudishia watu wa Bugomora vibuyu vyao kwa adabu, vimejaa rubisi yetu. Tukamsindikiza dada hadi Nyakahanga, akapanda lori, akakaa juu ya magunia ya kahawa, amenyooka kama askofu. Mama alilia, akijifuta kwa ncha ya kanga, mpaka vumbi likatulia.

Njiani kurudi nikaona nimtulize. "Mama, ukifikiri vizuri, bila mimi asingekwenda."

Mama akasimama, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kweli, baba. Wewe ndiye uliyeniondolea binti. Tukifika, chukua mtungi wake ukachote maji, na usipite njia ya bondeni. Pita ya shuleni, wenzako wakuone."