Kidole Changu na Wifi Yangu Somoe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu nisiyekuzaa, kwa sababu nilikuwa na misumari mdomoni. Nilikuwa Keko, kwenye karakana ya mume wangu, nagongea kitambaa kwenye kochi la mteja wa Kinondoni, na sisi mafundi makochi misumari midogo tunaibana kwa midomo ili mikono ibaki kufanya kazi. Simu ikaita. Nikatema misumari kiganjani, nikapokea nikidhani ni mteja anaulizia kochi lake. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole kabisa, akaniambia mkopo wangu umepitiliza muda na anataka kujua nalipa lini.

Mimi ni mtu ninayerudisha hata chumvi ya jirani. Nilimwambia amepotea njia, nikakata. Akapiga tena. Safari hii akanisomea majina yangu yote matatu na namba ya kitambulisho changu cha taifa, na vyote vilikuwa sahihi. Nikakaa chini palepale kwenye maranda.

Hapo ndipo akili inapotakiwa kufanya kazi, na yangu haikufanya. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza: huo mkopo umechukuliwa lini, na kwa namba gani ya simu? Sikuuliza. Nilimtukana, halafu nikaogopa, halafu nikazima simu. Nilikuwa mtu mzima mwenye binti wa sekondari, lakini hasira zangu zilikuwa bado za kisichana.

Kesho yake muuza sponji wa jirani akaniita pembeni akanionyesha simu yake. Kulikuwa na ujumbe unaomwambia amkumbushe ndugu yake alipe deni, na jina langu limeandikwa lote. Kufika mchana, hata fundi wa kupaka vanishi na mama wa chakula walikuwa wamepata ujumbe uleule. Keko unaijua. Habari inaanza benchi la kwanza, ikifika la mwisho imeshaota miguu. Na mimi nilikuwa mtu ambaye wateja wananikabidhi fedha ya kitambaa kabla sijagusa kochi, kwa hiyo jina langu ndilo lililokuwa duka langu. Ili wale watu wanyamaze, nikawatumia kiasi kidogo. Niliona nimefanya ujanja.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Temeke na wifi yangu, Somoe, mdogo wake mume wangu, aliyekuja kwetu kutoka Lindi Zuhura wangu akiwa bado ananyonya. Yeye ndiye aliyemlea. Mimi nilishinda karakana, Somoe akashinda na mtoto. Kumpeleka kliniki, kumsuka, kumfundisha kula kwa adabu, yote yeye. Zuhura akiumwa alikuwa anamwita shangazi, haniiti mimi. Nilijifanya hainiumi, lakini iliniuma.

Simu ya Somoe ilikuwa imekufa, akawa anatumia yangu. Na siku chache kabla ya zile simu alikuwa amekuja nyumbani na doti mbili za kanga, moja yangu moja yake, na viatu vya shule vya Zuhura. Nilipomuuliza, akasema mchezo wake umemfikia. Wanawake wa mtaani walikuwa wanachangishana, kila mmoja anachukua kwa zamu. Kanga niliipokea kwa mikono miwili. Maneno ya madeni yalipoanza, nikajumlisha hesabu yangu mwenyewe kichwani na jibu likawa Somoe.

Nilimvaa uani, mbele ya wapangaji wenzetu na mbele ya Zuhura. Nilimwambia amechukua simu yangu, amekopa kwa jina langu, halafu amenivisha kanga ya deni langu mwenyewe. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakusimama.

"Wifi, mie sijachukua," akasema. "Waulize wenzangu wa mchezo."

Sikuwauliza. Nilisema hao wote lao moja. Mume wangu aliporudi aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia ninao, akanitazama, akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Haikupita wiki, Somoe akahamia Kibamba, kwa mwanamke wa kwao aliyempa chumba. Halafu wale wadai wakanyamaza kwa muda, kwa sababu ya kile kidogo nilichowatumia, na mimi nikasema moyoni: unaona, ameona haya, amelipa. Ndivyo mtu anavyojidanganya akishaamua jambo, mwanangu. Kila kitu anakigeuza ushahidi.

Mwaka ulipopinduka nikaenda benki. Nilitaka cherehani ile kubwa ya kushonea makochi, na fremu yangu mwenyewe ya biashara barabarani, niachane na kubanana kwenye karakana ya mbao. Binti wa dawati la mikopo aliniamkia vizuri, akanihudumia vizuri, halafu akanirudishia karatasi zangu. Jina langu lilikuwa linasomeka kama mdaiwa sugu. Nikataka kufoka, lakini aliniambia jambo nililokuwa sijawahi kulisikia: kwamba kuna kampuni zinazotunza taarifa za mikopo ya watu, kila mtu na rekodi yake, na kwamba mwenye jina ana haki ya kuiomba na kuisoma. Niliishi miaka yote hiyo na sijui kama kuna mahali nimeandikwa.

Nikaiomba, nikaipata. Deni lenyewe lilikuwa dogo, halifikii bei ya kochi la mtu mmoja, limenenepeshwa na riba na faini. Lilichukuliwa kwa laini ya simu ambayo si yangu. Nikaiandika ile namba kwenye simu yangu, na jina likatokea palepale: Rama Mkokoteni. Alikuwa anatubebea makochi kupeleka kwa wateja, mtu mzima mwenye mke na watoto, na alikuwa ameshahama mjini zamani. Nilipopiga, laini ilikuwa imekufa.

Ndipo nikakumbuka. Siku zile za kusajili laini kwa alama za vidole, wengi pale Keko walikuwa hawajapata namba ya kitambulisho, na mimi yangu ilikuwa imetoka mapema. Muda ulikuwa unakwisha, laini zinafungwa, wakawa wananijia: mama, tusaidie kidole. Kijana wa usajili alikaa chini ya mwavuli pembeni ya barabara. Nilikuwa naacha nyundo, naenda, naweka kidole, narudi kwenye kazi. Wengine waliniita Mama Kidole, na mimi nikacheka, tena nikajisikia mtu mwema. Unatujua tulivyo, ukimnyima mtu msaada wa aina hiyo unaonekana una roho mbaya. Niliwasajilia watu hata siwakumbuki, na Rama ni mmoja wao: laini yake ikawa kwa jina langu, na alichokopa kwa laini hiyo kikaandikwa kwangu.

Na ule ujumbe ulikuwa umeeleza kila kitu tangu siku ya kwanza. Waliotumiwa walikuwa watu wa Keko tu, watu waliomo kwenye simu ya Rama, maana wakopeshaji wa mtandaoni huchota namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Kama Somoe angekopa kwa simu yangu, ndugu zangu na wapangaji wenzetu wa Temeke nao wangetumiwa. Sikuliona hilo kwa sababu sikutaka kuona.

Nilimwomba mume wangu anisindikize Kibamba. Akaniambia, "Ulimtoa peke yako, kamrudishe peke yako." Nikaenda na ile karatasi.

Nilimkuta Somoe anakaanga vitumbua vya kuuza. Alinipa kigoda, akanipa maji, akaniuliza hali ya Zuhura. Nikamkabidhi karatasi na kumweleza yote, nalia. Aliisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Wifi, nimekaa kwako tangu Zuhura ananyonya," akasema. "Muda wote huo haukukwambia kama mie si mwizi. Karatasi ndiyo imekwambia?"

Alisema amenisamehe, akamfungia Zuhura vitumbua kwenye mfuko, akanisindikiza hadi kituoni. Nyumbani kwangu hakurudi.

Zuhura alipoolewa, mume wangu alimwomba Somoe aje amfunde bibi harusi, maana kwa watu wa kwao kazi hiyo ni ya shangazi. Alikuja. Aliketi mkekani pamoja na wageni, akala pilau, akacheka na wenzake. Wanawake walipomwita aingie chumbani kwa mwali, alinisogelea, akasema kwa sauti tuliyoisikia sisi wawili tu, "Humo ndani mna dhahabu za watu, wifi. Mie nitakaa hapahapa." Binti yangu akafundwa na mama wa kukodi, ambaye ilibidi aulize kwanza mwali anaitwa nani.

Ndiyo maana juzi uliponionyesha ule ujumbe wa deni kwenye simu yako, ukaanza kumtaja mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja, nilikukatisha. Samahani kwa kufoka. Nisikilize sasa nikiwa nimetulia.

Ukidaiwa usichokijua, usitukane na usizime simu. Waulize ni mkopo gani, wa lini, kwa namba gani ya simu, na wakuandikie. Asiyetaka kuandika, mtilie shaka. Usitume hata shilingi ili wanyamaze. Mimi nilipoandika malalamiko, jibu la kwanza nililopewa ni kwamba nimeshalipa sehemu, kwa hiyo deni nimelikubali, na kulifuta kulinichukua miezi na safari nyingi, na ile fremu ikaenda kwa mwingine. Omba rekodi yako ya mikopo uisome, hata kama hudaiwi na mtu. Ukikuta kosa, andikia waliokukopesha na wanaotunza rekodi, wote, na nakala ubaki nayo. Hakiki ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua ifungwe. Na kidole chako, mwanangu, usimwazime mtu, hata akikuita mchoyo. Na kama deni ni lako kweli, sema ni langu, panga nao namna ya kulilipa, na ukimaliza dai karatasi ya kumaliza.

Hayo yote yana dawa. Rekodi yangu leo ni safi, benki wananikaribisha. Lililokosa dawa ni lile nililolisema uani. Kwa hiyo kabla hujamtaja mtu, tafuta kwanza, na ukitafuta usimpate, nyamaza. Mwenzako wa chumba umwangalie kwa yale unayoyajua kwake, usimwangalie kwa hofu uliyo nayo leo.

Mwenyezi Mungu akusafishie jina lako, akupe riziki isiyo na wadai mlangoni, na ndugu wanaoingia kwako bila kubisha hodi. Na siku ukimkosea mtu, maana utamkosea, akupe miguu ya kumfuata mapema, kabla hajazoea kuishi bila wewe.